Forodhani: Mlango wa Mji na Chungu Chake

Mtu anayetaka kuujua mji wa pwani huanza kwa kuuliza habari za majumba yake, naye huonyeshwa ngome, misikiti, milango ya nakshi na makaburi ya wakubwa. Hilo ni jambo jema, lakini halitoshi. Majumba hutueleza nani alitawala. Hayatuelezi sana wale waliotawaliwa waliishi vipi, walikutana wapi jua lilipokuchwa, na walikula nini. Katika makala haya tunakusudia kuutazama Mji Mkongwe wa Unguja kwa upande huo wa pili, yaani upande wa soko, chungu, baraza na uwanja. Tutaanzia Forodhani, mahali ambapo kila jioni watu hukusanyika kula na kubarizi mbele ya bahari. Hapo ndipo historia ya mji ilipoingilia, na hapo ndipo ingali ikionekana kwa urahisi.

Tunayo sababu ya kulichagua jambo hili. Tangu nchi zetu zilipojikomboa, limekuwapo swali ambalo halijakoma kuulizwa: je, utamaduni wa pwani ni wetu, au ni wa kuazima? Wapo wasemao kwamba pilau ni ya Waajemi, sambusa ni ya Wahindi na halua ni ya Waarabu, na kwamba tukiviondoa vya wageni sinia letu litabaki tupu. Hoja hii husemwa kwa wepesi, lakini matokeo yake si mepesi. Mtu aliyeaminishwa kwamba anachokula si chake hatajisumbua kukihifadhi, wala hatamfundisha mwanawe kukipika. Yatupasa, basi, kuijibu hoja hiyo kwa ushahidi.

Forodha na Ushuru Wake

Forodha ni mahali pa kutozea ushuru. Jina la Forodhani, kwa hiyo, si jina la starehe bali ni jina la kazi. Sayyid Said bin Sultan alipouhamisha ufalme wake kutoka Maskati kuja Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, kisiwa hiki kiligeuka kuwa soko kuu la Afrika ya Mashariki. Mkataba uliotiwa sahihi na Marekani mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa ziingiazo, na kazi ya kuukusanya ushuru ilikodishwa kwa matajiri. Kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kachi huko Bara Hindi. Zilitoka pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Ziliingia bunduki, ushanga, na ile nguo nyeupe ya pamba ambayo mpaka leo twaiita merikani kwa sababu ya nchi iliyoileta.

Wanadamu nao walipitishwa katika forodha hiyo. Watu waliotekwa bara walihesabiwa kwa vichwa na kulipiwa ushuru kama walivyolipiwa pembe. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1873, ambapo Sayyid Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa, na mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa kanisa la Kianglikana mahali pale pale. Hata hivyo utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Tunalitaja jambo hili mapema kwa makusudi, maana si haki kusifu utamu wa ufuko huu na kuyasahau machozi yaliyomwagika juu yake. Tena wengi katika wale waliopitishwa hapo ndio waliokuwa, wao au watoto wao, wapishi, wachukuzi, wavuvi na wakulima wa mji huu.

Yafaa pia kukumbuka jinsi upepo ulivyoutawala mji. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Baharia aliyeshuka katika mwezi wa Januari hakuweza kurudi kwao siku aipendayo. Ilimlazimu kungoja upepo ugeuke. Na mtu angojaye hula, na alaye ugenini hukitamani chakula cha kwao. Mahitaji ya wangojeaji hao yaliwakuta watu wa mji wenye samaki wao, nazi zao na mikono yao. Hivyo ndivyo bandari ilivyozaa jiko.

Karibu na uwanja huo imesimama Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na hapa lugha yetu imetunza kumbukumbu ya ajabu. Neno gereza latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kwetu likawa jina la ngome, kisha likawa jina la kifungo. Utawala wa Wareno ulikwisha, lakini maneno yao kadhaa yalibaki na kutiwa kazini: meza tunayolia chakula, leso tunayopangusia mikono, na mbatata tunayoitia mchuzini. Mazao ya Marekani yaliyoenezwa na vyombo vyao, kama vile muhogo, mahindi, mananasi, korosho na pilipili, yalitia mizizi katika ardhi yetu hata mwenyeji akasahau kwamba yalipata kuwa mageni.

Watawala walipenda kuupamba ufuko huu kwa utukufu wao. Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme ya ufukoni kwa muda usiotimia saa moja, ili atawale Sultani waliyemtaka wao. Mwaka 1936, kazi za bandari zikiwa zimehamia upande wa Malindi, uwanja wa forodha ulifanywa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 masultani wakaondoka, na sherehe zao zikaondoka nao. Lakini wananchi, kabla ya Mapinduzi na baada yake, waliendelea kupaita Forodhani. Wakubwa walipatia mahali hapo jina la sherehe, nao watu wakalishika jina la kazi. Bustani hiyo ilikarabatiwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, na jina lake ni lile lile.

Chungu cha Mji

Sasa na tuufunue mfuniko wa chungu. Chakula cha kale cha watu wa visiwa hivi kilikuwa nafaka za Kiafrika, yaani mtama na uwele, pamoja na samaki. Wanaakiolojia waliochimba katika magofu ya Pemba na kuzichunguza punje zilizoungua wameonyesha kwamba kuanzia kama karne ya 11 mpunga ulianza kuzishinda nafaka hizo katika miji ya huko. Basi wali haukuletwa na Wareno wala na masultani wa Unguja. Ulikuwapo kabla yao wote.

Ushahidi wa pili ni wa mtu aliyekula. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331. Alipofika Mogadishu alikaribishwa, naye akaandika alichoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake michuzi ya nyama, kuku, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Hapo palikuwa bado miaka 167 kabla Vasco da Gama hajaizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika pwani yetu. Mwanamke yeyote wa Unguja, Lamu au Kilwa akisomewa orodha hiyo leo hatashangaa. Atauliza tu kama tui lilikuwapo. Chakula kilichokaa katika pwani hii karibu miaka 700 hakiwezi kuitwa mgeni, isipokuwa na mtu asiyejua kuhesabu.

Lakini umri peke yake si hoja yote, kwani viko vyakula vya juzi vilivyo vyetu vile vile. Tutoe mfano wa urojo, unaouzwa Forodhani na katika mitaa yote ya mji. Mchuzi wake mwepesi hufanywa kwa unga na manjano, na kutiwa ukali kwa embe mbichi, ukwaju au ndimu. Ndani yake hutiwa mbatata za kuchemsha, bajia, kachori na mishkaki. Juu yake chatne ya nazi, pilipili, na muhogo uliokatwa vipande vyembamba ukakaangwa hata ukakauka. Ni kweli kwamba chanzo chake ni vyakula vya mitaani vya Wahindi. Ni kweli pia kwamba mbatata, pilipili na muhogo asili yake ni Marekani, na nazi imekuja kwa njia ya Bahari ya Hindi. Mtu mwenye ubishi anaweza kukifunga kila kiungo na kukirudisha kwao. Lakini akifika huko kwao hatakuta urojo. Atakuta viungo, na watu wasiojua kuvikutanisha kwa namna hii. Kazi ya kuvikutanisha ilifanyika hapa, mikononi mwa watu wa mji huu, na kazi hiyo ndiyo tunayoiita utamaduni.

Mwalimu Julius Nyerere aliligusa jambo hili mwezi Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana katika Tanganyika. Alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, na papo hapo akaonya kwamba kuufufua utamaduni wetu si kuukataa wa wengine, kwa maana taifa lisilokubali kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Watu wa Forodhani walikuwa wamekwisha kuufanya huo kuwa mwendo wao, bila kuandikiwa hotuba.

Muhogo nao una historia yake. Katika mashamba ya karafuu ya karne ya 19 mtumwa alipewa kipande cha ardhi ajilimie chakula chake mwenyewe, na zao aliloweza kulitegemea lilikuwa muhogo. Bwana alikula wali. Aliyechuma karafuu zake alikula muhogo. Ubaguzi huo wa chungu ulifufuliwa na serikali ya kikoloni katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Burma ilipotekwa na Wajapani mwaka 1942, mchele ulioletwa kutoka huko ulikatika, na mgao uliofanywa Unguja ukawatenga watu kwa asili zao, hata mtu akawa hali kwa njaa yake bali kwa kabila aliloandikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele uliadimika tena, na wananchi wakarejea kwenye muhogo, ndizi na majimbi. Leo muhogo wa kuchoma, uliopakwa chumvi, pilipili na ndimu, huuzwa Forodhani kando ya pweza na ngisi, na hununuliwa na mtu wa kila asili. Chakula cha aliyedharauliwa kimepanda mezani bila kubadili jina.

Soko, Baraza na Taarabu

Chakula hakiji Forodhani peke yake. Siku ya mji huanzia Darajani, katika soko lililojengwa mwaka 1904, ambako samaki hunadiwa tangu asubuhi, na viungo, matunda na mboga za mashamba hupangwa kwa mafungu. Jina la mahali hapo latukumbusha daraja lililovuka mkono wa bahari uliouzunguka mji wa mawe na kuutenga na Ng'ambo. Upande mmoja yalisimama majumba ya ghorofa ya matajiri. Upande wa pili zilikuwa nyumba za udongo na makuti za wachukuzi, mafundi, wavuvi, na watu waliotoka utumwani. Wakoloni waliukuza mgawanyiko huo kwa mipango yao ya miji. Mkono ule wa bahari ulifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, na daraja halipo tena. Lakini hata maji yalipokuwapo, soko lilikuwa mahali ambapo pande mbili hizo zililazimika kukutana, kwani tajiri naye hukosa kitoweo mvuvi asipofika.

Alasiri mji huhamia barazani. Baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani, ili mwenye nyumba apate kuketi na wageni bila kuisumbua nyumba. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba na vikombe vidogo. Kahawa hunywewa chungu, na kashata ndiyo huondoa uchungu wake. Hapo huchezwa bao, karata na dhumna. Hapo husuluhishwa ugomvi na kupimwa habari. Si ajabu kwamba lugha yetu imelitumia neno hilo hilo, baraza, kwa mkutano wa wazee na kwa mkutano wa mawaziri, wala si ajabu kwamba kahawa imetuzalia mkahawa. Katika zile zama za siasa, kati ya uchaguzi wa 1957 na uhuru wa Desemba 1963, mabaraza ya kahawa ndiyo yaliyokuwa shule ya wengi wasiosoma magazeti.

Usiku ulikuwa na taarabu, na historia yake yafanana mno na ile ya chungu. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Muhammad bin Ibrahim nchini Misri kujifunza muziki, ili aburudishwe katika jumba lake. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na muziki ukatoka katika jumba la mfalme na kuingia katika vyama vya mji. Ndipo akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mtoto wa watu waliotoka utumwani, ambaye kabla ya kusifika kwa sauti yake alikuwa akitembeza vyungu mjini. Aliimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa Ng'ambo, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Kilichoingia nchini kwa amri ya mfalme, na kwa lugha ya Misri, kikawa mali ya wananchi kwa kinywa cha mwanamke muuza vyungu. Kama vile urojo, taarabu haikuwa yetu kwa sababu ya pale ilipotoka. Imekuwa yetu kwa kazi iliyofanywa juu yake.

Wajibu Wetu

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, ikatukumbusha kwamba jiwe nalo hufa lisipotunzwa. Jiwe linapoanguka kishindo husikika, na watu huja kutazama. Lakini mwanamke mzee ajuaye mkate wa kumimina anapofariki bila kumwachia mtu ujuzi wake, hakuna kishindo. Nani atakayeyaandika majina ya hasara za namna hiyo?

Tunaona hatari tatu. Ya kwanza ni bei. Mgeni alipaye fedha za kigeni hapandishi bei ya pweza kwa nia mbaya. Lakini bei ikishapanda, mtoto wa Michenzani au Malindi aliyekuja na wazazi wake hugeuka kuwa mtazamaji katika uwanja wa baba zake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apishe. Ya pili ni bahari yenyewe. Pweza huvuliwa kabla hawajakua, na vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimeonyesha busara kwa kuyafunga maeneo yao ya pweza kwa miezi michache ili wapate kukua. Mfano huo wastahili kufuatwa kwingine. Ya tatu ni kusahau. Vyakula vingi vyapikwa kwa mazoea ya mkono tu, na vijana wengi wavijua kwa kuvila, si kwa kuvipika.

Dawa ya mambo haya imo katika uwezo wetu. Wanaopanga matumizi ya uwanja wa Forodhani na watenge sehemu na nyakati ambazo mwananchi atakula kwa bei ya mwananchi. Shule zetu na zifundishe upishi wa pwani kama historia, wanafunzi wakitumwa kwa bibi zao kuandika kipimo, kiungo, jina la chombo na jina la aliyemfundisha bibi. Makumbusho yetu, ambayo yameonyesha vizuri viti vya enzi na vyombo vya masultani, na yaweke pia mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kinu, mchi na chungu cha Fumba, pamoja na maelezo ya mikono iliyovitumia.

Katika Forodhani ya zamani kila kitu kilihesabiwa na kutozwa, hata binadamu. Karani wa forodha hakuweza kuona alichokibeba mchukuzi kichwani mwake, yaani ujuzi wa kupika, kuimba na kuishi na watu. Ujuzi huo uliingia bila ushuru, na ndio uliobaki baada ya masultani na mabalozi kwenda zao. Kizazi chetu kimeurithi bure. Tusikiache kizazi kijacho kikaja kuununua kwa wengine.